Katekista Aliyekatazwa Kuuliza

Mtu akishafundisha dini kwa miaka mingi huanza kuamini kwamba hata kuku wake wanasubiri kuulizwa maswali. Karugendo, katekista wa kigango kimoja juu kule Rubya, alikuwa amefika hapo. Akikutana na mtu njiani alimuuliza atokako, aendako, na kama alisali kabla ya kutoka. Akiletewa chakula aliuliza ndizi zimekatwa upande gani wa kibanja chao cha migomba. Mkewe Edvina alikuwa amezoea kujibu bila kusikiliza, kama mtu anavyoitikia litania huku anawaza mboga.

Kwa hiyo Jumamosi ile, katika ukumbi mmoja pale Muleba mjini, kijana mshauri wa malezi aliyeitwa Avit aliposimama mbele ya wazazi na kusema kwamba kwa nusu saa kila wiki mzazi atacheza na mtoto wake bila kumuuliza swali, Karugendo alidhani amesikia vibaya. Akanyoosha mkono.

"Hata moja?"

"Hata moja, Katekista."

Watu wakacheka. Karugendo akakunja mkono wake taratibu, akautia mfukoni kama kitu alichokiazima.

Avit aliendelea. Katika nusu saa hiyo mzazi haulizi, hafundishi, hasahihishi. Mtoto ndiye anayeongoza. Mzazi anakaa chini naye, anasema anachokiona mtoto akifanya, na anataja kilicho moyoni mwa mtoto, kwamba umefurahi, umeudhika, umeogopa. Basi. Wazazi walitazamana. Walikuwa wametoka mbali, wengine kwa boti kutoka visiwani, na walitegemea kupewa angalau vidonge.

Karugendo alimnong'oneza Edvina kwamba kijana mwenyewe hana mke wala mtoto, na kufundishwa malezi na mtu wa namna hiyo ni sawa na kufundishwa kukamata senene na mtu wa Dodoma.

"Nyamaza tusikie," Edvina alisema. "Vya kwetu vyote tumeshajaribu."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkalisha Karugendo kwenye mkeka ule miguu ikimfa ganzi. Mtoto wao wa mwisho, Kokushubila, msichana wa miaka sita waliyemwita Koku, alikuwa haongei. Si kwamba alizaliwa hivyo. Zamani alikuwa akiongea hata na maharage yakiwa sufuriani. Alinyamaza siku ya sikukuu ya Ekaristi, na sababu yake kigango kizima kiliijua.

Siku ile alikuja padre mgeni kutoka Bukoba. Baada ya misa aliwaita watoto wa mafundisho mbele awaulize mawili matatu. Koku hakuwa na umri wa mafundisho, lakini baba yake alimsukuma mbele, maana nyumbani alikuwa akijibu kama kinanda. Padre akainama, akauliza kwa upole: ni nani aliye kila mahali, anayeona yote na kujua yote?

Koku alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona benchi la mbele, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mnara wa kengele.

"Shangazi Yuster."

Kanisa lilianguka kwa kicheko. Padre alijifunika uso kwa kitabu. Mpiga kinanda aliegemea vibaya, kinanda kikatoa mlio mrefu. Watu wawili tu hawakucheka. Mmoja alikuwa Yuster mwenyewe, dada mkubwa wa Karugendo, ambaye kweli alikuwa kila mahali na aliona yote. Wa pili alikuwa Karugendo. Alipofika nyumbani, mbele ya wageni waliokuja kula sikukuu, alimpigisha mtoto magoti uani kwenye changarawe mpaka atoe jibu sahihi. Wageni walikula, wakanywa pombe ya lubisi, wakaaga, Koku bado amepiga magoti. Jibu halikutoka. Na tangu hapo halikutoka jibu wala neno lingine lolote.

Walimpeleka kwa daktari Bukoba. Alimwangalia masikio, akamwangalia koo, akasema kila kitu kipo na kinafanya kazi, akawaelekeza kwa Avit. "Tumepanda gari mpaka Bukoba," Karugendo aliwaambia jirani zake kwa uchungu, "tumepewa dawa ya kucheza."

Laiti ingekuwa aibu tu, wangeivumilia. Lakini Yuster alikuwa na dawa yake. Alisema mtoto ana kilimi kirefu, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimelalia sauti. Kagoma kulikuwa na mzee mmoja, Rutaihwa, anayekata vilimi kwa kisu kilichopinda kama ukucha wa kunguru. Yuster alishampa taarifa. Siku ilishapangwa: Jumatatu baada ya sikukuu ya Kristo Mfalme. Edvina aliposikia alikosa usingizi, kwa sababu kwao Rubafu alikuwa ameona mtoto wa jirani akikatwa kilimi, na mtoto yule hakumaliza siku ya pili. Lakini nani wa kumwambia Yuster hapana? Yeye ndiye aliyemlea Karugendo baada ya wazazi wao kufa, akauza kahawa yake mwenyewe kumpeleka chuo cha makatekista. Katika ukoo ule neno la shangazi lilikuwa kama muhuri.

Ndiyo maana Edvina alisema nyamaza tusikie.

*

Vifaa vya kuchezea havikupatikana kwa shida. Edvina alisuka mwanasesere kwa majani makavu ya mgomba, akamvika kipande cha kitenge. Wakaongeza vikombe vya plastiki, sufuria ndogo iliyotoboka, fimbo fupi na nyoka wa mpira. Karugendo alichonga ng'ombe. Edvina alipomwona alimsifu kuwa ni kigoda kizuri.

Sharti lilikuwa kwamba vifaa hivyo mtoto asivione ila saa ya mchezo tu. Kwa nyumba isiyo na kabati, mahali pekee ambapo Koku hakugusa ni mfuko mweusi wa baba yake wa huduma, wenye kitabu cha ibada, rozari na chupa ya maji ya baraka. Mwanasesere akaingia humo, ng'ombe akaingia humo, na nyoka pia. Edvina aliuliza kama si dhambi kumweka nyoka na maji ya baraka. Karugendo alisema nyoka ndiye atakayeona taabu.

Alasiri ya mchezo wa kwanza alitandaza nyasi safi sebuleni, akakaa chini, akampungia Koku aje. Akafanya ishara ya msalaba. Avit hakuwa ameisema hiyo, lakini hakuwa ameikataza.

Koku alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akaja, akachukua kikombe.

"Umechukua kikombe," alisema Karugendo. Na kwa kuwa koo lake lilikuwa limezoea kanisa, maneno yalitoka kwa sauti ya kanisa.

Koku akakiweka kikombe chini.

"Umekiweka kikombe chini."

Kutoka jikoni Edvina, aliyekuwa akimenya ndizi na akili iko mbali, akaitikia, "Utuombee."

Koku aliweka kikombe juu ya ng'ombe. Karugendo akataja. Edvina akaitikia. Wakaenda hivyo mpaka vikombe vyote vikaombewa. Mtoto alimtazama baba yake kama anavyotazamwa mgonjwa aliyeanza kuweweseka, akampa kisogo. Karugendo alivumilia. Ng'ombe alipolazwa miguu juu, aliuma ulimi asiseme ng'ombe halali hivyo. Lakini Koku alipomchukua mwanasesere, akamkunja, akamtia sufuriani, akafunika na kukalia kifuniko, uvumilivu ukamponyoka.

"Kwa nini unampika mtoto?"

Lilikuwa limeshatoka. Koku aliinuka, akarudisha kimoja kimoja mfukoni, akaufunga mfuko, akautua magotini pa baba yake. Hata Baba Paroko hakuwahi kumfukuza Karugendo mahali kwa heshima namna ile.

*

Avit alikuwa amewashauri wafanye mazoezi na watu wengine ili mdomo uzoee. Karugendo hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Katikati ya wiki Yuster alipoingia uani, amevaa kitenge cha kijani na ameshika mwavuli kama askari ameshika bunduki, Edvina alipiga magoti kumwamkia kama desturi, "Wasibota, waitu." Yuster aliitikia, akageuka kumngojea mdogo wake naye amuulize ameshindaje, watu wa kwake wameshindaje, na huko atokako kuna habari gani, maana Mhaya asiyeulizwa ameshindaje hajapokelewa.

Karugendo alimtazama kwa makini.

"Umefika," alisema. "Umevaa kitenge cha kijani. Jasho linakutoka."

Yuster alingoja. Hakuna kilichofuata.

"Umekasirika," Karugendo aliongeza.

"Nani kakuambia nimekasirika?"

"Umekasirika kwa kuwa nimesema umekasirika."

Yuster alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akamuuliza Edvina kwa sauti ya chini hali hii ilianza lini, na kama anakula. Edvina aliharakisha kumletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, akaeleza kwamba ni mafunzo ya Muleba, ni namna ya kucheza na mtoto. Yuster alitafuna kahawa moja mpaka ikaisha. Kisha akasema yeye hakuuza kahawa yake amsomeshe mtu aje kuwa kasuku. Akasema mtoto hachezewi apone, mtoto hutibiwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwezi wa kwanza shule inafunguliwa, na mwalimu wa darasa la kwanza ameshasema wazi kwamba mtoto asiyeitika jina hawezi kumwandika. Mzee Rutaihwa anangoja. Jumatatu atakuja na pikipiki, amchukue.

Edvina alifungua mdomo aseme habari ya mtoto wa Rubafu. Magoti yake, yaliyokuwa yamerudi chini, yakamkumbusha mahali pake. Akafunga mdomo.

Karugendo naye alitaka kusema hapana. Alilitafuta neno hilo, lakini mbele ya dada yake hakuwa amelitamka tangu utoto, na kutafuta neno usilolitumia ni kama kutafuta sindano kwenye nyasi. Kilichotoka ni yale mazoezi.

"Unampenda Koku," alisema. "Unaogopa."

 Yuster aliokota kahawa nyingine, akaigeuzageuza vidoleni, hakuitia mdomoni. Kwa mara ya kwanza Karugendo aliona kwamba mikono ya dada yake imezeeka.

"Jumatatu," alisema Yuster akiinuka. Lakini alilisema polepole, na mwavuli wake aliusahau.

*

Jumamosi iliyofuata wazazi walirudi ukumbini kila mmoja na mkosi wake. Mama mmoja alisema mwanawe amemwambia akapumzike, mchezo ataendelea nao peke yake. Aliyechekesha wote alikuwa Ndaki, Msukuma mfanyabiashara wa dagaa kutoka kisiwani, ambaye kijana wake alikuwa na tabia ya kuwapiga wenzake. Ndaki alisema wamecheza vizuri sana. Mtoto alimlaza kwenye mchanga akamfanya dagaa, akamwanika juani, akamgeuza mara kadhaa, kisha akamuuza.

"Umeuzwa?" mtu aliuliza.

"Nimeuzwa. Na kwa bei ya dagaa waliolowa mvua."

Walipomaliza kucheka Ndaki alisema, bila kucheka yeye, kwamba baada ya kuuzwa mtoto alikuja kumnunua tena. Hakueleza zaidi. Aliinama akajikuna mguu.

Karugendo alikiri yake, akaongeza kwamba kwa maoni yake mchezo unaharibu watoto. Samaki mkunje angali mbichi. Ndaki akamgeukia.

"Katekista, mimi samaki ndiyo kazi yangu. Nimewakunja maisha yangu yote. Ukimkunja sana hata akiwa mbichi anapasuka, na mnunuzi hamtaki."

Methali ilikuwa ya Karugendo, lakini samaki walikuwa wa Ndaki.

Siku hiyo Avit aliwafundisha jambo moja jipya. Alisema mtoto akikupa sehemu ya kuigiza katika mchezo, uwe mgonjwa, uwe mwizi, uwe ng'ombe, usijitungie. Mnong'oneze: nifanye nini? Niseme nini? Atakwambia kwa mdomo au kwa mkono. Hilo ndilo swali pekee linaloruhusiwa, na ni la kunong'ona.

Nyuso za watu wote zilimgeukia Karugendo kumpongeza. Amepata swali.

Walipokuwa wakitoka alimvuta Avit pembeni, akamuuliza kwa sauti ambayo Edvina hakuwahi kuisikia. Je, kama hataongea tena?

"Sijui, Katekista," Avit alisema.

Karugendo alirudi nyumbani akilitafakari jibu hilo. Miaka yote mbele ya wanafunzi yeye hakuwa amelitumia. Na kijana yule alilisema amesimama wima, mvua ikimnyeshea, wala hakuna aliyempigisha magoti.

*

Jumapili ya Kristo Mfalme, baada ya misa, jumuiya ilikwenda kumwombea mzee mgonjwa jirani na kanisa. Nyumba ilijaa. Karugendo alisimama kando ya kitanda cha mgonjwa, akaanzisha sala, akatia mkono katika mfuko wake mweusi kutoa rozari, akatoa mwanasesere.

Alimtoa kwa mguu. Mwanasesere alining'inia kichwa chini mbele ya jumuiya nzima, kitenge kimemfunika uso. Katika kuhangaika kumrudisha, nyoka wa mpira naye akadondoka kifuani pa mgonjwa. Mgonjwa, ambaye kwa wiki nzima alikuwa hawezi kugeuka ubavu, akakaa.

Wapo waliosema ni muujiza. Walio wengi walisema ni uchawi. Kabla sahani za chakula hazijaoshwa, habari ilikuwa imepanda kilima na kushuka upande wa pili kwamba katekista amepata wazimu wa Muleba, anasali kwa sanamu ya majani na kutembea na nyoka. Ilimkuta Yuster nyumbani kwake akivua viatu. Hakumaliza kuvua. Alisema mtoto hawezi kulala usiku mwingine katika nyumba ile. Jumatatu ni mbali. Akaita pikipiki.

Karugendo hakujua hayo. Alikuwa amerudi nyumbani na aibu yake, amekaa sebuleni, mfuko umefunguka mbele yake. Saa ya mchezo ilikuwa imefika, na moyo wake haukutaka mchezo wowote. Safari hii hakufanya ishara ya msalaba, wala hakumpungia mtoto. Alikaa tu. Koku akaja mwenyewe.

Aliketi karibu akamtazama baba yake usoni. Kisha akachukua fimbo fupi, akainuka, akatembea mbele na nyuma juu ya nyasi, mikono nyuma, tumbo mbele, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto. Ilimchukua Karugendo muda kumtambua mtu yule. Alikuwa ni yeye mwenyewe.

"Umeshika fimbo," alisema, na sauti yake haikuwa ya kanisa. "Unatembea kama mkubwa."

Koku alisimama. Akanyoosha fimbo chini, kwenye nyasi, mbele yake. Hakukuwa na haja ya kunong'ona. Karugendo aliielewa fimbo ile. Akapiga magoti.

Nje pikipiki ilizimwa. Edvina alikuwa uani, na alipomwona Yuster anakuja moja kwa moja mlangoni alimkimbilia, lakini hakupiga magoti. Alisimama mlangoni, akauziba kwa mwili wake wote. Alimwambia kwamba humo ndani wapo kwenye mafundisho, haingii mtu mpaka nusu saa iishe.

Yuster alimtazama kama anayetazama kigoda kilichoanza kuongea.

"Edvina. Unanizuia mimi?"

"Nimekuzuia, Shangazi. Unisamehe, na nimekuzuia. Mtoto wa Rubafu alivuja damu nikiwa nimeshika beseni. Koku haendi Kagoma. Ukitaka kilimi, chukua changu."

Alisema hayo akilia, lakini mlangoni hakuacha nafasi. Yuster hakuwa mtu wa kugombania mlango wakati nyumba ina dirisha. Akazunguka ukuta, akatweka shingo, akachungulia.

 Mdogo wake, katekista, aliyemsomesha kwa kahawa yake, amepiga magoti kwenye nyasi mbele ya mtoto wa miaka sita. Mtoto ameinua kidole cha shahada juu, juu kabisa kuelekea dari, kisha akakizungusha kulia, kushoto, kila mahali, akagusa macho yake, akamwelekezea baba yake fimbo. Akangoja.

Karugendo alilijua swali hilo kuliko jina lake. Jibu lilimfika ulimini mbio, jibu sahihi, lenye herufi zake zote kubwa. Akalimeza. Akasogeza uso karibu na sikio la mwanawe, akanong'ona swali pekee aliloruhusiwa.

"Nijibu nini?"

Koku alimtazama. Aliangalia magoti ya baba yake chini, akaangalia uso wake. Midomo ikatikisika kwanza bila sauti, kama pampu iliyokaa kiangazi kizima. Kisha akanong'ona naye.

"Kosea."

Edvina aliyekuwa mlangoni alishika fremu kwa mikono miwili. Karugendo hakugeuka, hakuita, hakumshukuru Mungu kwa sauti, ingawa mambo hayo matatu alitaka kuyafanya kwa pamoja. Alikuwa ameambiwa la kufanya. Alinyoosha mgongo, akatazama kulia, akatazama kushoto, na kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mnara wa kengele akajibu.

"Shangazi Yuster."

Koku akacheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikaporomoka chote. Fimbo ikamwanguka, akakaa kwenye nyasi, akamkumbatia ng'ombe aliyefanana na kigoda, akacheka mpaka chozi likamtoka. Na alipoinua macho kujifuta, aliona dirishani uso ulioiva kama tunda, macho yametoka, unaona yote.

"Yupo kweli," alisema Koku.

Karugendo akageuka, akamwona dada yake. Wakatazamana, yeye akiwa magotini, Yuster akiwa ameshikilia kizingiti cha dirisha kwa vidole. Kigango kizima kilicheka siku ile ya Ekaristi, lakini Yuster hakucheka, na watu walidhani ni hasira. Sasa midomo yake ilianza kumvuta pembeni, akajitahidi kuirudisha, ikakataa.

Mwendesha pikipiki aliuliza kutoka uani kama safari ya Kagoma ipo. Yuster alimjibu bila kutoa kichwa dirishani kwamba hakuna mtu wa kwenda Kagoma, na kama anataka kelele azipeleke barabarani.

"Zimebaki dakika tano," Karugendo alimwambia mwanawe, maana Avit alisema mtoto aambiwe mapema.

Koku akaokota fimbo yake. Akasimama wima, tumbo mbele. Safari hii hakutumia kidole. Sauti yake ilikuwa na kutu, lakini maneno yote yalikuwepo.

"Ni nani aliye kila mahali, anaona yote na kujua yote?"

"Nijibu nini?"

"Kosea tena."

Karugendo akasema ni mbuzi wa jirani. Koku akacheka, akauliza tena. Akasema ni mvua ya masika. Akasema ni mchwa. Alikosea mara nyingi kuliko alivyokosea tangu abatizwe, kila kosa likimtoka kwa shida zaidi, mpaka makosa yakamwishia kabisa, maana hakuwa na akiba nayo. Akabaki amefungua mdomo, fimbo inamngoja.

Kutoka dirishani ikaja sauti ya kunong'ona, sauti ya mtu aliyesomesha wengine kwa kahawa yake na asiyetaka wafeli.

"Mwambie ni mtendaji wa kijiji."

Na katekista, magotini, akamwambia.